Aglaia na Pensheni ya Mheshimiwa

Kwa miaka ishirini na minane Aglaia Mocanu alitutazama wote kutoka juu. Alikuwa dereva wa kreni kwenye karakana ya meli ya mji wetu wa Gura Lată, kando ya mto Danubi, na kibanda chake kilikuwa mita arobaini juu ya vichwa vyetu. Saa kumi na mbili asubuhi alipanda na chupa ya chai, mkate, kitunguu na kipande cha mafuta ya nguruwe. Saa nane mchana alishuka. Katikati hakushuka. Jinsi alivyomaliza haja zake huko juu ilikuwa siri yake, na hakuna mwanamume aliyekuwa na ujasiri wa kumwuliza.

Mimi nilikuwa karani wa mahudhurio kwenye karakana hiyo hiyo, na sasa tunaishi jengo moja, mimi ghorofa ya tatu, yeye ya nne. Kwa hiyo bado yuko juu ya kichwa changu, nasikia fimbo yake sakafuni kila asubuhi anapokwenda kuchemsha kahawa. Nyonga zimemwisha. Daktari anasema ni ile miaka ya kukaa kwenye kiti cha chuma kinachotetemeka, kiangazi joto la kuoka mkate, kipupwe barafu ndani ya kioo. Karakana ilipomwachisha kazi mwaka tisini na sita, akiwa na miaka arobaini na tisa, aliuza soksi sokoni, akasafisha ngazi za benki, mpaka umri wa pensheni ukafika. Pensheni yenyewe inamtosha dawa, ada ya joto la mabomba, na chakula cha mtu asiyependa kula.

Chini ya kreni ya Aglaia, enzi hizo, alifanya kazi kijana mmoja mfunga mizigo, Valeriu Stoinea. Kazi yake ilikuwa kufunga nyaya kwenye mabamba ya chuma, kuyaning'iniza kwenye ndoano, na kumpungia Aglaia mkono anyanyue. Nasema ilikuwa kazi yake. Ukweli ni kwamba kwenye daftari langu jina la Valeriu lilikuwapo kila siku, lakini Valeriu mwenyewe ungemtafuta. Leo yuko kwa daktari wa meno, kesho amekwenda kuchukua glavu stoo, keshokutwa ana mkutano wa vijana wa chama. Aglaia alikuwa akipiga honi ya kreni mara tatu, na karakana nzima ikajua: Valeriu amepotea tena.

Mapinduzi ya Desemba themanini na tisa yalipokuja, huyo aliyekuwa haonekani ndiye akawa wa kwanza kuonekana. Alipanda juu ya pipa, akashika kipaza sauti, na tangu siku hiyo sidhani kama amekiachia. Akawa mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Kisha akawa mbunge, kipindi kimoja, cha pili, cha tatu. Katika vipindi vitatu alisimama kuzungumza bungeni mara nne, na moja kati ya hizo ilikuwa kuomba dirisha lifungwe kwa sababu ya upepo. Huu si uzushi, Leontina alizihesabu.

Leontina ni jirani yetu wa ghorofa ya kwanza. Alipiga taipu miaka thelathini na mmoja kwenye ofisi ya kuthibitisha hati, na kila aliyenunua au kuuza nyumba mjini hapa amepita mikononi mwake. Ni mwanamke mwembamba, mkali, asiyeamini neno lolote mpaka aone mhuri.

Mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ninaousimulia, wabunge walijipigia kura wenyewe wapewe pensheni maalumu. Ukifika umri, na ukiwa hukai tena bungeni, unalipwa kwa kila kipindi ulichokaa, mpaka vipindi vitatu. Kura ilipita haraka kuliko mtu anavyofunga kifungo cha shati. Na wale waliokuwa hawasalimiani kwenye televisheni, siku hiyo walinyanyua mikono pamoja kama kwaya.

Mjini kwetu habari hiyo haikuhitaji gazeti. Ilipikwa na kupakuliwa kila asubuhi kwenye foleni ya zahanati, ambako wastaafu hufika saa kumi na moja na nusu ili wapate namba.

"Mimi nimepumua vumbi la chuma miaka thelathini na nne," alisema Gherasim, aliyekuwa msimamizi wetu wa zamu, mzee mwenye masikio makubwa na sauti iliyozoea kushindana na nyundo. "Pensheni yangu ukiipima na ya Stoinea, yangu ni moja, yake itakuwa tano. Yeye kapumua nini?"

"Manukato," akajibu Leontina.

"Bungeni nasikia wanasinzia."

"Basi analipwa kwa usingizi, mzee. Na wewe nenda kalale, huenda wakakufikiria."

Watu wakacheka, kile kicheko chetu cha kutoa moshi mdomoni asubuhi ya baridi. Aglaia hakucheka. Alikuwa ameegemea ukuta, fimbo mkononi, akasema tu: "Ilarion alikula miezi kumi na minne."

Wote tulimjua Ilarion.

Ilarion alikuwa mume wake, fundi wa kuchomelea. Kazi yake ilikuwa ndani ya matangi ya chini ya meli, mahali ambapo mtu huingia kwa tumbo na kuchomelea akiwa amelala, moshi wote usoni. Wachomeleaji wa aina yake walistahili kuandikishwa kwenye orodha ya kazi ngumu, ili wastaafu mapema. Faili la kuwaandikisha lilitakiwa kupelekwa na mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi. Mwenyekiti alikuwa Stoinea. Aliapa mbele yao kwamba faili limekwenda. Halikwenda popote. Lilikaa kwenye droo mpaka muda ukapita, na mwenyewe akawa ameshahamia mji mkuu. Ilarion akaendelea kufanya kazi mpaka miaka sitini na miwili, akitema makohozi ya rangi ya kutu. Akastaafu. Akapokea pensheni miezi kumi na minne, kisha tukamzika.

Hayo Aglaia aliyabeba miaka saba bila kelele. Sijawahi kumsikia akimtukana Stoinea. Alipoona bango lake mtaani alikuwa akilipita jinsi mtu anavyopita mahali mbwa amejisaidia, anakwepa hatua moja kando, anaendelea na safari.

Kilichomtoa kwenye ukimya huo ni kipeperushi.

Kilikuwa kimetupwa kwenye masanduku yetu ya barua mwanzoni mwa Novemba, karatasi inayong'aa, na picha ya Stoinea akiwa amevaa kofia ya kazi ambayo bado ilikuwa na kibandiko cha bei pembeni. Umri ulikuwa umemfanya mnene na mwekundu, meno mapya. Leontina alikisoma kwa sauti mlangoni, tukiwa watatu, mimi nikiwa na mfuko wa viazi mkononi.

"'Mimi ni mtoto wa karakana,'" alisoma. "Mtoto wa karakana, wewe! 'Machi elfu moja mia tisa sabini na sita, katika dhoruba kubwa, mwenzetu dereva wa kreni alikwama angani. Hakuna aliyethubutu. Nilipanda mita arobaini peke yangu nikamshusha akiwa hai. Sijawahi kuwaacha watu wangu, na sitawaacha leo.'"

Leontina akashusha karatasi. Akanitazama. Sote wawili tukamtazama Aglaia.

Siku ile ya Machi naikumbuka vizuri. Upepo ulitoka mtoni ghafla, kreni ikaanza kuyumba, umeme ukakatika, na mkono wake mrefu ukawa unazunguka wenyewe kama mshale wa saa iliyoharibika. Aglaia alikuwa amefungiwa huko juu saa nne nzima. Wakuu walisimama chini wakibishana nani apigiwe simu. Ilarion, ambaye kabla ya siku hiyo hakuwa hata amewahi kula naye meza moja, alivua koti la kuchomelea, akajifunga kamba kiunoni, akapanda. Alimkuta ameshikilia usukani na vidole vimeganda. Alivipasha moto kwa pumzi yake, kimoja kimoja, kisha akashuka naye, yeye akitangulia chini, akimwekea miguu kwenye kila kipago. Vuli ya mwaka huo walioana.

Aglaia aliichukua karatasi mkononi mwa Leontina. Aliikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa aproni.

"Faili lake aliliiba," alisema. "Pensheni yake aliiiba. Sasa amerudi kuchukua na ngazi."

Akapanda kwake. Siku ile nzima sikusikia fimbo.

Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa Leontina, amevaa gauni la kanisani.

"Leontina, mtu akitaka kuacha kitu anachostahili kisheria, anaandika nini?"

"Kitu gani? Nyumba? Shamba?"

"Pensheni."

"Usiniambie umechanganyikiwa, shoga yangu. Unaacha pensheni yako?"

"Si yangu."

Sababu ilikuwa hii. Hasira za watu zilikuwa zimewafikia wagombea, na Stoinea, mjanja kama kawaida, alikuwa ameanza kusema redioni kwamba akichaguliwa tena ataiacha pensheni yake maalumu, hataki hata sarafu moja ya leu, atatoa yote kwa wastaafu wa karakana. Alikuwa na miaka sitini na mitano, umri wa kuipokea ulikuwa umeshafika. Watu wengine walishaanza kuyeyuka. Nilimsikia mama mmoja duka la mikate akisema, "Angalau huyu ana aibu." Muuza mikate akamjibu, "Aibu? Angekuwa na aibu angepiga kura ya kuifuta."

Leontina alitoa taipu yake chini ya kitanda. Walikaa asubuhi nzima, na mimi nikaitwa kuwa shahidi wa lugha, ingawa kila neno langu lilikataliwa. Karatasi ilitoka safi, ya ukurasa mmoja: mimi niliyetajwa hapa chini, kwa hiari yangu na akili timamu, naacha moja kwa moja na bila masharti, nikichaguliwa au nisipochaguliwa, posho yoyote ya uzee inayotokana na ubunge. Mahali pa jina, mahali pa sahihi, mahali pa mashahidi wawili.

"Hilo la 'nisipochaguliwa' ndilo sindano," alisema Leontina, akipuliza karatasi kana kwamba wino ulikuwa mbichi. "Yeye anaahidi akichaguliwa. Na akichaguliwa halipwi pensheni hata hivyo, kwa sababu anakula mshahara! Umeona ujanja? Anaahidi kuacha kitu ambacho siku hiyo hatakuwa nacho."

Sikuwa nimeuona. Nakiri kwamba mimi pia nilikuwa nimeanza kuyeyuka kidogo.

Mkutano wa wastaafu ulifanyika Jumapili ya mwisho kabla ya kura, kwenye jengo la sinema ya zamani. Mabomba ya joto, ambayo yalikuwa baridi tangu paa lianze kuvuja, siku hiyo yaliwaka mpaka madirisha yakatoka jasho. Mlangoni vijana wenye fulana za chama walimpa kila mtu mfuko: chupa ya mafuta, kilo ya sukari, na kalenda yenye uso wa Stoinea miezi yote kumi na miwili. Ndani kulikuwa na meza za sarmale, zile nyama za kusaga zilizofungwa kwenye majani ya kabichi, na ugali wa mahindi, na divai kwenye chupa za plastiki. Nilichukua mfuko. Nilikula pia. Siwezi kujitoa humo na kujifanya mtakatifu. Sote tulikuwa tunamdharau na sote tulikuwa tunatafuna.

Aglaia hakugusa chakula. Mfuko aliurudisha mlangoni, na yule kijana akashangaa, akadhani bibi haoni vizuri, akamkimbilia nao. "Bibi, umesahau zawadi yako!"

"Sikusahau, mwanangu. Nimekumbuka, ndiyo maana nimeurudisha."

Stoinea aliingia kwa muziki. Alibusu mikono ya akina mama safu ya kwanza. Alizungumza juu ya mizizi, juu ya jasho, juu ya mama yake. Kisha akafika kwenye pensheni, akashusha sauti.

"Wanasema Stoinea ana pensheni ya dhahabu. Nawaambieni leo, mbele ya Mungu na mbele ya karakana: nikirudi bungeni, siitaki! Naiacha mpaka leu ya mwisho! Iwe ya kwenu!"

Makofi yakapigwa. Si ya wote, lakini yakapigwa.

Kisha akaanza hadithi ya dhoruba. Aliisimulia vizuri, huo ufundi hatuwezi kumnyima. Upepo ukavuma kinywani mwake, chuma kikalia, akaonyesha kwa mikono alivyopanda. Na mwisho, akiwa amelowa jasho, akanyoosha kidole safu ya tatu.

"Na mwanamke yule yuko hapa! Mama Aglaia Mocanu! Njoo, mama, njoo tukumbatiane!"

Mpiga picha alikuwa tayari. Nadhani watu wake walikuwa wamehesabu kwamba mjane mzee, akiitwa jukwaani mbele ya watu mia tatu, atalia tu na kukumbatia. Hawakuwahi kufanya kazi chini ya kreni yake.

Aglaia alipanda vipago vinne vya jukwaa taratibu, fimbo kwanza, mguu baadaye. Stoinea alifungua mikono. Aglaia akampita mpaka kwenye kipaza sauti.

"Valeriu," alisema, "ulinipandia wewe?"

"Nilikupandia, mama, na ningepanda tena leo!"

"Kwa ngazi gani? Ya kulia au ya kushoto?"

Stoinea alicheka kidogo, akatazama watu. "Mama, miaka arobaini imepita... Ya kulia. Ile iliyoelekea mtoni."

Kutoka meza ya nyuma ikapanda ile sauti ya Gherasim ya kushindana na nyundo.

"Kreni namba mbili ilikuwa na ngazi moja, mshenzi wee! Ngazi moja, ndani ya mguu! Umefanya kazi chini yake miaka kumi na nane, hujui hata ngazi iko wapi!"

Ukumbi ukachemka. Gherasim alikuwa amesimama, uma bado mkononi.

"Aliyepanda ni Ilarion Mocanu! Nilimfunga kamba mimi mwenyewe, kwa mikono hii! Na wewe tulikukuta jioni kwenye stoo ya rangi, umejifunika turubai!"

"Ilarion!" akapiga kelele mwanamke mmoja aliyekuwa akipaka rangi meli zamani. "Ni kweli, Ilarion!"

Nami nikasimama. Mafuta ya sarmale yalikuwa bado midomoni, lakini nikasema kwamba nilikuwa karani, na kwamba siku ile niliandika kwa mkono wangu jina la Ilarion Mocanu kwenye taarifa ya ajali. Sijui nani alinisikia. Kila mzee wa karakana alikuwa amesimama kufikia hapo, na jina la marehemu lilikuwa linatoka kila pembe ya sinema ile.

Aglaia alingoja wanyamaze. Uso wake ulikuwa umelowa, ila sauti ilikuwa kavu.

"Haya, hilo limekwisha," alisema. "La pili. Umesema unaiacha pensheni."

"Nimesema, mama, na neno langu..."

"Neno lako liweke. Karatasi hii hapa. Tia sahihi."

Alikuwa ameitoa kifuani. Aliikunjua juu ya meza ya jukwaani, akaweka na kalamu. Stoinea aliiinamia, macho yakakimbia mstari kwa mstari, na tukamwona wazi alipofika pale kwenye "nisipochaguliwa", kwa sababu alisimama hapo kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mama Aglaia, haya ni mambo ya kisheria. Wanasheria wangu lazima wa..."

"Ameandika Leontina!" akasema Leontina mwenyewe kutoka chini, amesimama wima. "Nimeandika hati za nyumba yako, mheshimiwa, na za nyumba ya pili, na za ile ya shemeji yako ambayo si ya shemeji yako. Ulitia sahihi zote bila mwanasheria."

Kicheko kikapasuka. Stoinea akajipapasa mfukoni.

"Sina miwani. Siwezi kutia sahihi kitu nisichokisoma vizuri. Nitaichukua, nitaisoma nyumbani..."

Nadhani hakukumbuka alikuwa kwenye ukumbi wa watu gani. Mzee wa safu ya kwanza akavua miwani yake, akamnyooshea. "Chukua yangu, mheshimiwa." Mama aliye kando yake akatoa ya kwake. "Hii ni ya kusomea." Kisha miwani ikaanza kutoka kila mahali, mifukoni, kwenye mikoba, kwenye pua za watu, miwani iliyofungwa kwa plasta, iliyovunjika mkono mmoja, ikapitishwa juu ya vichwa mpaka jukwaani. Dakika mbili tu, mbele yake palikuwa na chungu ya miwani kama kwenye meza ya soko la mitumba.

"Jaribu ya mke wangu! Naye haoni kitu, kama wewe!"

"Chagua, mheshimiwa! Bure, kama mafuta yako!"

Hakuchagua. Alisema kitu juu ya wachochezi, juu ya wapinzani waliowatumia wazee. Mtu wake akawasha muziki kwa sauti kubwa, na mheshimiwa akatoka kwa mlango mdogo wa mwonyesha filamu. Ilituchukua nusu saa kila mtu kupata miwani yake, na Leontina alirudi nyumbani na isiyo yake, akaigundua siku ya tatu.

Kuna aliyerekodi kwa simu. Kufikia Jumatatu mji wote ulikuwa umeona, kufikia Jumatano mkoa. Jumapili ya kura Stoinea akashindwa kwa kura mia nne na kidogo. Gherasim alipita kila mlango wa jengo letu na chupa ya pombe ya plamu. Tulimwimbia Ilarion. Aglaia alikunywa glasi moja, akala, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilimwona akila kwa njaa, sahani mbili za maharage na soseji.

Furaha yetu ilidumu mpaka Februari. Leontina alikuja na habari kutoka kwa mtu wake wa ofisi ya fedha, akakaa kwenye kiti cha jikoni kwa Aglaia bila kuvua koti.

"Ameanza kupokea," alisema.

"Kupokea nini?" nikauliza mimi.

"Pensheni! Vipindi vitatu kamili. Si hayupo tena bungeni? Si ana umri? Tungemchagua, angesubiri miaka minne. Tumempigia kura ya kumwondoa, tumemstaafisha kwa mikono yetu."

Gherasim, alipoambiwa, alitukana kuanzia ghorofa ya nne mpaka mlangoni, tusi jipya kwa kila kipago. Na yule mbunge mpya, kijana msafi wa chama kingine, ambaye kwenye mabango yake aliandika kwamba atafuta pensheni maalumu, alikuwa ameshaulizwa redioni, akajibu kwamba suala hilo ni pana na linahitaji utulivu. Alikuwa na siku sitini bungeni. Sauti ilikuwa imeshakuwa ileile, ya mtu anayezungumza huku akimeza.

Aglaia alisikiliza yote. Kisha akaendelea kumenya viazi.

"Mlitegemea nini?" alisema. "Kwamba mtu wa namna ile ataanguka aumie? Wameshatandika godoro kabla."

"Basi tulifanya kazi bure," nikasema.

"Wewe, ndiyo. Wewe ulikwenda kula sarmale." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Novemba niliona kitu kama tabasamu. "Mimi nilikwenda kumchukua mume wangu."

Tulikutana naye mwezi wa Aprili, kwenye soko la samaki kando ya mto. Mimi nilikuwa nimembebea Aglaia kikapu. Stoinea alikuwa peke yake, bila dereva, bila vijana wa fulana, koti zuri la ngozi, uso umepumzika. Alikuwa anachagua kambare. Alipotuona nilidhani atageuka, lakini hapana, alivua kofia na kuinama kabisa.

"Nakubusu mkono, Mama Aglaia. Sikupata nafasi ya kukushukuru. Ulinifanyia hisani kubwa, unajua? Sina mikutano, sina kelele, naamka saa tatu. Na hela inaingia." Aliyasema kwa upole, kwa starehe, na huo upole ndio uliokuwa mchafu.

Watu wa meza ile ya samaki walikuwa wanageuka mmoja mmoja.

Aglaia alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Alikuwa mfupi kuliko yeye, amejikunja juu ya fimbo, na bado sijui aliwezaje kumtazama kutoka juu.

"Kula, Valeriu," alisema. "Kula pensheni, ndiyo kitu pekee ulichowahi kukifikia kwa wakati. Ila Ilarion hutamla tena."

Kisha akamgeukia mwenye samaki, akaomba kambare mdogo, asafishwe, mkia uachwe.

Stoinea alicheka. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akitafuta wa kucheka naye. Muuzaji aliinama akaanza kuparua ute wa ngozi ya kambare wa Aglaia, taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, na yule bwana akabaki amesimama na noti mkononi, hakuna aliyemwuliza anataka nini.